Mwongozo kamili kwa vikundi vya wanawake Mtwara na Lindi: kuufikisha umeme kutoka kwenye nguzo hadi jikoni

Vikundi vingi vya wanawake vinavyojitolea kuhamasisha matumizi ya umeme majumbani, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, hukwama mahali palepale. Mkutano hufanyika, akina mama hujitokeza kwa wingi, majina huandikwa, na afisa hualikwa akaeleza. Msimu unaofuata nyumba nyingi bado ziko gizani ingawa nguzo imesimama uani, na zile zilizofungiwa mita huwasha balbu mbili na kuchaji simu, huku chungu cha mbaazi kikichemka kwa kuni nusu ya siku.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa vikundi hivyo. Msingi wake ni kwamba kazi ya kikundi kwa kila nyumba hukamilika siku ambayo mama wa nyumba hiyo anapika kwa umeme na anaweza kusema chungu chake kimetumia uniti ngapi. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kuelekea siku hiyo.

## Mahitaji kabla ya kuanza

- Wanakikundi 5 hadi 12 walio tayari kutembelea nyumba, si kuhudhuria vikao peke yake.
- Daftari kubwa lenye safu za jina la mkuu wa kaya, jina la mama wa nyumba, hali ya umeme, namba ya mita na tarehe ya kila ziara.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, ili ziara zenu zisichukuliwe kuwa za kisiasa au za kibiashara.
- Majina ya mafundi umeme 2 au 3 wenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Ombeni kuiona leseni yenyewe.
- Jiko moja la presha la umeme la lita 5 au 6, lenye lebo ya wati inayosomeka.
- Nyumba moja ya mwanakikundi yenye mita ya LUKU (ya kulipia umeme kabla ya kuutumia) inayofanya kazi na soketi imara, itakayotumika kwa maonyesho.
- Sanduku la fedha lenye makufuli matatu, kama lile la VICOBA (vikundi vya kijijini vya kuweka akiba na kukopeshana), ikiwa mtachangishana.

Kikundi kinachoweka akiba na kukopeshana kinapaswa kusajiliwa kupitia halmashauri, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, kwa sababu ndiye atakayewaongoza katika katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao cha kwanza.

## Hatua ya 1: Zijueni nyumba zenu

Pitieni kitongoji kimoja tu, nyumba kwa nyumba, na muiweke kila kaya katika moja ya makundi manne: nyumba isiyofikiwa na nguzo, nyumba iliyo karibu na nguzo lakini haina nyaya ndani, nyumba yenye nyaya lakini haina mita, na nyumba yenye mita ambayo umeme wake hauvuki balbu na simu.

Sababu ya kuyatenga makundi haya ni kwamba kila moja lina kikwazo chake. Mama wa kundi la pili anahitaji fedha na fundi, wa kundi la tatu anahitaji kusaidiwa maombi, na wa kundi la nne, ambaye mikutano mingi humsahau kwa kuwa anahesabiwa kuwa tayari ana umeme, anahitaji kuondolewa hofu ya gharama. Hotuba moja kwa wote haimgusi yeyote kati yao ipasavyo.

Tahadhari: Kaya za kundi la kwanza msiziahidi tarehe. Andikeni majina yao, myapeleke kwa mtendaji na kwenye ofisi ya wilaya ya shirika la umeme, TANESCO, kwa barua, kisha endeleeni na kaya ambazo mnaweza kuzisaidia sasa.

Mmefaulu ikiwa daftari lina kila nyumba ya kitongoji na hakuna kaya iliyoandikwa kwa kukisia.

## Hatua ya 2: Gawaneni nyumba, na mkutane na mwenye uamuzi

Kila mwanakikundi apewe nyumba 4 au 5 za jirani zake na aziwajibikie hadi mwisho. Ziara ya kwanza ifanyike wakati mkuu wa kaya yupo. Katika nyumba nyingi za kwetu fedha za korosho huingia kwenye akaunti ya baba, na mama aliyeshawishika akiwa peke yake kisimani hurudi nyumbani akiwa na wazo zuri lisilo na fedha. Zungumzeni na wote wawili pamoja, kwa adabu, na mpeleke mtu ambaye baba huyo atamsikiliza. Pengine shangazi yake anafaa kuliko mwenyekiti wa kikundi.

Epukeni kufanya ziara mvua zinapoanza na watu wako mashambani tangu alfajiri.

## Hatua ya 3: Pangeni fedha kwa kufuata msimu

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Kampeni huanzishwa Februari au Machi, wakati akiba ya mauzo imekwisha, ada na sare za shule zimeshachukua kilichobaki, na chakula ndicho hoja kuu. Kaya hukubali kwa maneno na kushindwa kwa vitendo, kisha huona aibu kumfungulia mlango mwanakikundi anayerudi.

Fuateni kalenda ya mazao. Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, minada ya korosho huanza Oktoba na malipo ya wakulima hupitia AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) hadi benki katika wiki zinazofuata. Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Kilwa zina ufuta pia, ambao huuzwa katikati ya mwaka, jambo linalowapa nafasi ya pili ya kuchangisha. Kwa hiyo mikutano, makadirio ya fundi na mazungumzo ya nyumbani yawe yamekamilika kabla ya mnada wa kwanza, ili fedha ikiingia ipate kazi inayoisubiri.

Gharama ziko za aina mbili, na ni lazima zitenganishwe kwa uwazi mbele ya kaya. Ya kwanza ni ya kuunganishwa: kijijini, kwa laini ya kawaida ya nyumbani, TANESCO hutoza shilingi 27,000, wakati maeneo yanayohesabiwa kuwa ya mjini hulipa shilingi 320,960 ikiwa nyumba iko ndani ya mita 30 na haihitaji nguzo. Ulizeni ofisi ya wilaya kitongoji chenu kiko upande gani kabla ya kutamka kiasi chochote, kwa kuwa baadhi ya miji midogo huonekana kama vijiji kwa macho ilhali kwenye orodha si vijiji. Ya pili ni ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba, na mara nyingi hiyo ndiyo kubwa. Kaya iliyosikia habari za 27,000 peke yake hujiona imedanganywa pale fundi anapotaja bei yake.

Mchango wa kupokezana unafaa: kaya 10 zinachanga kila wiki ya mauzo, na kila fedha ikitosha nyumba moja, nyumba hiyo inatandazwa nyaya. Wanaotangulia wachaguliwe kwa kura ya wazi, na mlango wa kwanza usiwe wa mwenyekiti wala mhasibu.

Tahadhari: Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Mikopo hiyo ni ya shughuli za kuongeza kipato, kwa hiyo msiijengee bajeti ya kutandaza nyaya majumbani. Anayetaka kuuza barafu au samaki waliogandishwa anaweza kuiomba kwa ajili ya friza, na hilo ni jambo jema, lakini ni mradi mwingine.

Mmefaulu ikiwa kila kaya inaweza kutaja kiasi chake cha nyaya, kiasi chake cha kuunganishwa, na zao litakalolipa.

## Hatua ya 4: Nyaya za ndani

Fundi mwenye leseni aikague nyumba mbele ya mwenye nyumba, aandike vifaa na bei kwenye karatasi, kisha mwanakikundi abaki na nakala. Mwelekezeni mapema kwamba nyumba hii itapika kwa umeme. Ombi hili dogo hubadilisha kazi yote: jikoni patawekwa soketi ya ukutani yenye waya mnene unaostahili mzigo, badala ya balbu moja na ekstensheni iliyovutwa kutoka sebuleni. Kuongeza soketi baadaye ni gharama mpya, na mama wengi wenye mita wameshindwa kupika kwa sababu hii tu.

Sisitizeni mambo mawili yasiyopunguzwa hata fedha ikiwa haba: nondo ya ardhini yenye waya wake, ambayo hupeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kumpitia mtu, na meni swichi inayokata umeme yenyewe inapotokea hitilafu. Fundi anayesema nyumba ya vyumba viwili haihitaji nondo ya ardhini asipewe kazi.

Kwa nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili, ulizeni TANESCO kuhusu kifaa cha Umeme Tayari, kinachojulikana kama UMETA, ambacho huja kikiwa kimeunganishwa swichi na soketi, hivyo mwenye nyumba haingii gharama ya kutandaza nyaya nyumba nzima. Someni kwenye kifaa chenyewe kinabeba mzigo kiasi gani kabla ya kuchomeka jiko.

Tahadhari: Kwenye nyumba ya makuti au nyasi, balbu na maungio ya nyaya yasigusane na paa, na waya upite ndani ya bomba lake. Paa kavu la mwezi wa Septemba huwaka haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbilia meni swichi.

## Hatua ya 5: Maombi ya kuunganishwa

Maombi hufanyika ofisini au kwa simu kupitia mfumo wa NIKONEKT, na mwombaji huhitaji namba yake ya kitambulisho cha taifa. Mwanakikundi mwenye simu janja anaweza kuwasaidia wengi kwa siku moja, mradi kila mwombaji awepo mwenyewe na namba ya simu inayoandikwa iwe yake.

Baada ya ukaguzi, mwombaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Fedha ilipwe kwa namba hiyo, kwa simu au benki. Asipewe mtu mkononi, awe amevaa sare au ana pikipiki yenye nembo. Vishoka, yaani matapeli wanaojifanya watu wa TANESCO, huzifuata kampeni kama hizi kwa sababu wanajua fedha imekusanywa mahali pamoja, na kikundi ambacho wanachama wake wameibiwa kupitia mkutano wake hakitaaminiwa tena kijijini. Mwenye shaka apige simu ya huduma kwa wateja ya TANESCO, namba 180, kabla ya kulipa.

Mmefaulu ikiwa risiti ya kila kaya imeandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe, ili ucheleweshaji ukitokea mwende ofisini mkiwa na orodha kamili. Orodha ya kaya 14 zenye risiti husikilizwa kwa namna ambayo malalamiko ya mtu mmoja hayasikilizwi.

## Hatua ya 6: Mita inapofungwa

Mwanakikundi awepo siku hiyo. Andika namba ya mita kwenye daftari na ukutani karibu na meni swichi. Mfundishe mama mwenyewe, si mtoto wa shule peke yake, kununua umeme na kuingiza tarakimu 20 za tokeni, kisha alisome salio bila msaada.

Mweleze pia daraja la bei. Mteja wa matumizi madogo ya nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, wakati mteja wa matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292. Tofauti hii ni kubwa kiasi cha kuamua kama jiko litatumika au litafunikwa kitambaa kabatini. Gawanyeni fedha iliyolipwa kwa uniti zilizopatikana katika ununuzi wa pili au wa tatu. Hesabu ikionyesha bei ya juu katika nyumba yenye matumizi madogo, nendeni ofisini na namba ya mita mkaulize iko daraja gani.

Mambo mawili huwatisha watu bila sababu. Katika maeneo yanayotozwa kodi ya majengo kupitia LUKU, kodi hiyo hukatwa kila mwezi na miezi ambayo hamkununua umeme hujilimbikiza, kwa hiyo aliyesafiri muda mrefu hupata uniti chache anaporudi. La pili ni la nyumba zilizofungwa kwa muda mrefu: mita ya zamani ambayo haikuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 hukataa tokeni mpya mpaka iingiziwe kwanza tokeni za maboresho, ambazo TANESCO hutoa.

## Hatua ya 7: Chungu cha kwanza

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wenu mwingi kuliko zote.

Msianze na ugali. Ugali unahitaji kusongwa kwa nguvu juu ya moto ulio wazi, jiko la presha halikuumbwa kwa kazi hiyo, na mama akishindwa siku ya kwanza kwenye chakula anachokipika kila siku atahitimisha kwamba umeme haupiki. Anzeni na vyungu vinavyokula kuni nyingi: mbaazi kavu, kunde, njugu mawe, makande, nyama ngumu, supu ya mifupa. Ugali ubaki kwenye mkaa au kuni kwa sasa. Kaya iliyohamisha mbaazi peke yake imepunguza safari za kuni kwa kiasi kinachoonekana.

Waiteni akina mama 6 hadi 8, wasizidi, katika nyumba ya maonyesho, wakati wa asubuhi au mchana. Jioni nguvu ya umeme hupungua katika vitongoji vilivyo mwisho wa laini, na jiko linalochelewa kupata joto huharibu somo. Fuateni utaratibu huu:

1. Zimeni vifaa vingine vyote vya nyumba hiyo, ili mita ihesabu jiko peke yake.
2. Someni salio la uniti kwa sauti na mmoja wa wageni aliandike.
3. Wekeni mbaazi zilizolowekwa tangu usiku, maji na chumvi. Chakula na maji visivuke nusu ya chungu, kwa sababu mazao ya jamii ya kunde hutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke.
4. Hakikisheni mpira wa mfuniko umekaa sawa na tundu la mvuke ni safi. Fungeni, washeni, na mwandike saa.
5. Jiko likimaliza, acheni presha ishuke. Mfuniko usifunguliwe kwa nguvu kamwe. Mvuke uliobanwa huunguza uso na mikono.
6. Someni salio tena, mtoe salio la pili kutoka kwenye la kwanza, mzidishe kwa bei ya uniti iliyopatikana katika hatua ya 6.

Mgeni aliyeandika ndiye atangaze jibu. Kisha kila mama ataje mwenyewe huwa anatumia makopo mangapi ya mkaa kwa chungu kama hicho, au saa ngapi za kutafuta kuni, kwa bei na njia za kijijini kwake. Msimletee takwimu za Dar es Salaam. Hesabu yake mwenyewe ndiyo atakayoipeleka kwa mumewe.

Wagawieni karatasi yenye mfano huu, ili waone mwezi mzima unavyokaa. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka mfululizo saa moja hutumia uniti 1. Jiko la presha huwaka na kujizima, ndiyo maana chungu hutumia chini ya hapo. Balbu 3 za wati 9 zikiwaka saa 5 kila usiku hutumia takribani uniti 4 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 kila siku ni uniti 6. Lita 2 za maji zikichemshwa kila siku kwa birika la umeme ni uniti 6 hadi 7. Chungu kimoja cha presha kila siku, kikikadiriwa kwa uniti 0.4, ni uniti 12. Jumla haifiki 30, chini sana ya ule ukomo wa 75. Jiko la koili la wati 2,000 likiachwa wazi saa 2 kila siku, peke yake hufika uniti 120, na hapo ndipo sifa mbaya ya kupika kwa umeme ilipotoka. Wakatazeni kulinunua kama jiko la kwanza.

Kwa kaya za Kiislamu, mwezi wa Ramadhani ni nafasi nzuri kuliko zote. Wakati wa daku hakuna anayefurahia kupuliza moto saa tisa usiku, na birika linalochemsha maji ya chai kwa dakika chache, au kunde zilizopikwa mchana kwa ajili ya futari, humshawishi mama kwa haraka. Pangeni maonyesho wiki moja kabla ya mfungo.

Tahadhari: Jiko lichomekwe kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba inayoshiriki na televisheni na friji. Plagi ikipata joto la kuunguza kidole, zima na umwite fundi. Jiko likae juu ya meza, mbali na watoto na mbali na maji yaliyomwagika. Mtu akishikwa na umeme msimguse: kata meni swichi kwanza, au umtenganishe kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu.

Nje ya nyumba, msianike kanga kwenye waya wa umeme, wala msipande kukata matawi ya mkorosho au mnazi yaliyogusa laini. Kazi hiyo ni ya TANESCO.

Mmefaulu ikiwa mama aliyehudhuria anaweza kurudia hesabu ya salio nyumbani kwake bila mwanakikundi kushika kalamu.

## Hatua ya 8: Azima jiko, kisha ufuatilie

Kabla ya mama kununua jiko, mwazimeni la kikundi kwa siku 7, akiandika uniti za kila chungu. Wiki nzima huonyesha mambo ambayo maonyesho huyaficha: familia kubwa kuliko chungu, umeme kukatika katikati ya mapishi, mume anayedai ladha ya moshi. Umeme ukikatika, jiko lisifunguliwe. Joto na presha vilivyomo huendelea kuivisha kwa muda.

Rudini baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya msimu. Mita yenye matumizi yaleyale ya balbu inaeleza kuna tatizo, na mara nyingi ni moja kati ya haya: soketi ya jikoni haipo, jiko limeharibika mpira na hakuna aliyejua mpira huuzwa peke yake, au aliyefundishwa ameolewa kijiji kingine na mama mkwe aliyebaki hakuwepo siku ya somo. Kila moja lina dawa yake, na hakuna linalohitaji mkutano mwingine wa hadhara.

Kaya iliyopika kwa umeme msimu mzima iondolewe kwenye orodha ya ziara, na mama wa kaya hiyo, akikubali, apewe nyumba zake 2 za kufuatilia, akianza na ile ya kundi la nne iliyo karibu zaidi na mlango wake.